Aliyelala Hakufa: Hotuba Kuhusu Viumbe wa Kale Katika Ardhi Iliyoganda

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliokubali kukaa nasi jioni hii, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa nizungumze juu ya viumbe wa kale wanaofufuliwa kutoka katika ardhi iliyoganda. Mada nimeikubali kwa moyo mmoja, lakini kuna neno ndani yake nitakaloligombania mpaka nishuke jukwaani. Naomba nianze na ghala la kindi.

Kando ya mto Kolyma, kaskazini mashariki mwa Siberia, nchini Urusi, kuna ukingo mrefu wa udongo na barafu uitwao Duvanny Yar. Kila kiangazi mto huula ukingo huo, na kila unapoula hufichua mashimo ya kindi wa ardhini, jamaa ya kuchakuro, walioishi huko zama za mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya marefu. Kindi hao walijua kuweka akiba. Walichimba vyumba vyenye ukubwa wa mpira wa miguu, wakatandika nyasi kavu na manyoya ya wanyama, kisha wakajaza mbegu na matunda ya kula siku za njaa. Baadhi ya mashimo yamekutwa na mbegu laki kadhaa. Mwenye ghala moja hakurudi. Upepo ukaleta vumbi, vumbi likaziba mlango, baridi ikakaza kila kitu, na chumba kikabaki vivyo hivyo, mita 38 chini ya ardhi, katika nyuzi 7 chini ya sifuri, bila kuyeyuka hata msimu mmoja, kwa takriban miaka 32,000.

Mwaka 2012 watafiti wa Urusi kutoka mji wa Pushchino, wakiwamo Svetlana Yashina na David Gilichinsky, walitangaza walichokifanya na akiba ya kindi yule. Mmea wenyewe unaitwa Silene stenophylla, jani dogo tu la nchi za baridi. Kwanza walijaribu mbegu zilizokomaa, zikagoma kuota. Inadhaniwa kindi mwenyewe alizitafuna viini kwa makusudi, zisije zikamchipukia ghalani. Basi wakageukia matunda machanga. Ndani ya tunda changa kuna nyama laini inayoshikilia mbegu, kama kitovu kinavyomshikilia mtoto kwa mamaye, na katika nyama hiyo baadhi ya seli zilikuwa bado nzima. Wakakata vipande vidogo, wakavilisha kwenye vyombo vya maabara. Vikachipua. Machipukizi yakatoa mizizi, yakahamishiwa kwenye udongo, yakakua mpaka yakawa mimea 36, ikatoa maua meupe. Hadi siku ya kuchanua hakuna aliyeweza kuitofautisha na ndugu zake wanaoota leo kando ya mto uleule. Tofauti ilionekana kwenye petali, kwa kuwa zile za kale zilikuwa nyembamba na zilizoachana zaidi. Wakayachavusha maua, yakazaa mbegu, na mbegu zikaota.

Dunia nzima iliandika kwamba mmea umefufuliwa. Hapo ndipo ugomvi wangu na neno hili ulipoanza.

Lugha yetu haina uhaba wa vitenzi katika jambo hili. Aliyelala huamka. Aliyezirai huzinduka. Kaa lililofunikwa na majivu huchochewa likawaka. Aliyefufuka ni yule aliyekwisha kufa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Sasa ile nyama ya tunda, ilikuwa imekufa? Ingekuwa imekufa, Yashina angeilisha sukari na homoni mpaka kesho na isingechipua. Katika kila mfano nitakaowatajia jioni hii wa kiumbe aliyerudi kutoka barafuni, ukichunguza kwa makini utakuta hakuwa amekufa. Na kila aliyekufa kweli, pamoja na juhudi zote na fedha zote, hajarudi. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu hofu nyingi zisizo na msingi, na matumaini mengi yasiyo na msingi pia, yanatokana na kuchanganya makundi haya mawili.

Lakini pengine mtu ataniuliza: tunajuaje kwamba mbegu ile ni ya kale kweli, na si ya juzi iliyoangukia shimoni? Swali hilo ni zuri, na sayansi yenyewe imewahi kulijibu kwa aibu. Mwaka 1954, huko Yukon nchini Kanada, mchimba madini mmoja alikuta mbegu za mlupini wa Aktiki, mmea wa jamii ya kunde wa nchi za kaskazini kabisa, ndani ya mashimo ya lemingi, wale panya wa nchi za baridi, chini kabisa kwenye udongo ulioganda. Mwaka 1967 baadhi yake zikaoteshwa, na habari ikachapishwa kwamba zina umri wa miaka 10,000 au zaidi. Kwa zaidi ya miaka 40 vitabu viliirudia habari hiyo. Kisha mwaka 2009 mbegu zilizobaki zikapimwa umri kwa kaboni, na ikaonekana ni mbegu za miaka ya 1950! Zilikuwa zimejipenyeza kwenye shimo la kale. Kosa halikuwa la mmea. Watu walipima umri wa nyumba wakadhani wamepima umri wa mgeni. Watafiti wa Kolyma walikuwa wamejifunza. Wao walipima tunda lenyewe, na ndiyo maana ua lile mimi naliamini.

Nieleze kidogo ardhi hii ni kitu gani, kisha nirudi kwa viumbe wenyewe. Ardhi iliyoganda daima ni udongo, mchanga na mawe ambayo hayajapanda juu ya sifuri kwa angalau miaka miwili mfululizo. Miaka miwili ni kipimo cha chini tu, kwani sehemu nyingine hazijayeyuka tangu kabla binadamu hajaanza kulima. Inatanda karibu robo ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia, na huko Yakutia, mashariki mwa Siberia, kuna mahali imeshuka zaidi ya kilomita moja. Juu yake kuna tabaka jembamba linaloyeyuka kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Chini ya tabaka hilo ni giza, ukavu wa barafu, na baridi isiyopanda wala kushuka.

Je, kuganda si ndiko kunakoua? Kila aliyewahi kugandisha tunda laini na kuliyeyusha anajua linavyotoka limelegea, linavuja maji. Maji yakigeuka barafu hutanuka na kuota ncha kali, na ncha hizo huzichana kuta za seli kutoka ndani. Kwa hiyo baridi kama baridi haihifadhi kila kitu. Humhifadhi yule aliyejiandaa.

Namleta kwenu mmoja aliyejiandaa vizuri kuliko wote. Ni mnyoo ambaye hafiki urefu wa milimita mbili. Alitolewa katika ukingo uleule wa Kolyma, kwenye shimo jingine la kindi, mita 40 chini, na Anastasia Shatilovich na wenzake wakatangaza mwaka 2018 kwamba yeye na mwenzake wa mto Alazeya walianza kujinyonganyonga walipoyeyushwa na kupewa chakula. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi wa Urusi na Ujerumani likachapisha jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, na kumpa jina, Panagrolaimus kolymaensis, aina ambayo haikuwahi kuelezwa. Mimea iliyomzunguka ilipimwa ikaonekana ina miaka 46,000. Siku mnyoo yule alipojikunja kulala, Ulaya ilikuwa bado na Waneandertali, jamaa wa kale wa binadamu waliokwisha kutoweka.

Alijiandaaje? Jibu limo katika sukari iitwayo trehalosi. Mnyoo akihisi ukavu unaanza, kabla baridi haijamkamata, mwili wake hugeuza akiba ya mafuta kuwa sukari hiyo. Trehalosi huingia mahali ambapo maji yalikuwa, ikashika utando wa seli na protini visivurugike. Katika maabara ya Dresden walijaribu jambo hili pia kwa mnyoo mwingine anayefahamika sana katika biolojia, Caenorhabditis elegans. Waliwakausha taratibu mabuu wake wa hatua ya uvumilivu, wakawagandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na baada ya siku 480 wakaamka wakazaa. Walipolinganisha jenomu za minyoo hawa wawili walikuta zana zilezile za kutengeneza sukari ileile. Mimi nilipoisoma taarifa hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Maana yake uwezo huu si muujiza wa mnyoo mmoja wa Siberia. Ni ujuzi wa kale uliogawanywa kati ya jamaa, na mnyoo wa Kolyma ameuonyesha kwa muda mrefu kuliko wengine kwa sababu tu mahali alipolalia hapakuyeyuka.

Wanabiolojia huiita hali ile kriptobiosi, yaani uhai uliofichika. Hakuna kula, hakuna kupumua kunakopimika, hakuna kukua. Fikirini jambo hili kwa upande wa mnyoo mwenyewe. Aina yake huishi mwezi mmoja au miwili hivi. Tuseme alilala akiwa na umri wa siku kumi. Siku ya kumi na moja ya maisha yake ilifika baada ya miaka 46,000. Majike wa aina hii huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja alitosha kuanzisha ukoo. Waliotoka barafuni wenyewe walikufa zamani, kwa uzee wa kawaida wa minyoo, lakini uzao wao umelelewa maabara kwa zaidi ya vizazi 100.

Wapo wataalamu wanaouliza kama kweli mnyoo ana umri sawa na majani yaliyomzunguka. Wanaikumbuka mbegu ya Yukon, na wana haki. Mnyoo mdogo kiasi hiki ni vigumu kumpima mwenyewe kwa kaboni bila kumwangamiza. Watafiti hujibu kwamba tabaka lile halijawahi kuyeyuka, kwamba maji ya juu hayapenyi barafu iliyoshikana, na kwamba walichimba kwa vifaa vilivyotakaswa. Mimi naona ushahidi umeegemea upande wao, na nawashukuru pia wanaoendelea kuuliza.

Mwaka 2021 wenzao wa Pushchino walitoa mwingine, rotifa, kiumbe wa majini asiyeonekana kwa macho ila kwa darubini, aliyelala miaka 24,000 karibu na mto Alazeya. Yeye naye huzaa peke yake. Na mosi, ule mmea mfupi wa kijani unaotanda kama zulia mahali penye unyevu, wa kisiwa cha Signy, huko Antaktika, ulianza kukua upya kutoka kwenye tabaka lenye miaka zaidi ya 1,500, bila kupandikizwa, kwa kupewa mwanga na maji tu.

Usingizi huo una mwisho. Udongo na miamba vina mionzi hafifu ya asili, na mionzi hiyo, tone kwa tone, hukata nyuzi za DNA. Aliye macho hujikarabati kila siku. Aliyelala usingizi mzito hawezi, na majeraha hujikusanya mpaka siku yakawa mengi mno. Baadhi ya bakteria wamepata njia ya katikati: hawalali kabisa. Huishi ndani ya utando mwembamba wa maji ya chumvi usioganda, wakila kidogo sana na kujikarabati kidogo sana. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta dalili za uhai wa namna hiyo katika udongo wenye hadi miaka nusu milioni. Kwa mnyama mkubwa njia zote mbili zimefungwa.

Nimemfikia mamothi, ambaye najua wengi mlikuja kwa ajili yake. Mwaka 2010 huko Yakutia ulipatikana mzoga wa mamothi mchanga aliyepewa jina Yuka, wa miaka 28,000, ukiwa na ngozi, manyoya na hata nyama. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kindai, Japani, walichukua viini vya seli zake wakavitia ndani ya mayai ya panya. Baadhi ya viini vilianza kujipanga kama seli inayotaka kugawanyika. Nyuzi zikajitandaza, kazi ikaishia hapo. Hakuna seli hata moja iliyogawanyika, kwa kuwa DNA ilikuwa imekatikakatika. Hicho ndicho kifo kilivyo kikitazamwa kwa darubini: vifaa vyote vipo, mpangilio hakuna.

Sasa kuna kampuni ya Marekani, Colossal, iliyoanzishwa mwaka 2021, inayotaka kuchukua seli za tembo wa Asia na kuzihariri mpaka zipate manyoya na mafuta ya mamothi. Huenda siku moja wakapata tembo mwenye manyoya. Atakuwa kiumbe mpya, mwenye mama tembo, asiyefundishwa na mamothi yeyote mahali pa kupata majani chini ya theluji. Kumwita mamothi aliyefufuka ni kumwonea yeye na mamothi wote wawili. Sitasema zaidi juu ya hilo, kwa sababu jambo linalonikosesha usingizi ni dogo zaidi ya tembo.

Wazee walituachia onyo: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Na tukizungumza juu ya barafu inayoyeyuka, wa kwanza kutajwa huwa ni virusi.

Jean-Michel Claverie na Chantal Abergel wa Marseille, Ufaransa, ndio waliofungua mlango huo. Mwaka 2014 walitangaza kirusi kutoka udongo wa Siberia wenye miaka 30,000, wakakiita Pithovirus. Ni kikubwa ajabu, urefu wa maikromita moja na nusu, kiasi kwamba darubini ya kawaida ya shule inaweza kukiona. Mwaka 2023 kundi hilo likaeleza virusi vingine 13, kimoja kutoka chini ya ziwa huko Yakutia, kwenye udongo wenye miaka 48,500. Vingine vilitoka kwenye manyoya ya mamothi na kwenye utumbo wa mbwamwitu wa kale. Vyote vilikuwa na uwezo wa kuambukiza.

Kuambukiza nani? Hapa nawaomba msinipite. Vinaambukiza amiba, kiumbe mdogo wa seli moja tu. Hawakuvikuta kwa bahati. Waliuweka udongo mbele ya amiba wakasubiri amiba wafe, kisha wakatazama kilichowaua. Amiba ndiye alikuwa mtego, na waliuchagua makusudi, kwa kuwa kirusi kinachohitaji amiba hakina njia ya kuingia kwa binadamu. Claverie alieleza sababu waziwazi: alitaka kuonyesha kwamba virusi vinaweza kubaki hai muda huo, bila kuhatarisha mtu wala mnyama. Uungwana ule naupenda. Alitaka kujua, akajiwekea mpaka, akabaki ndani ya mpaka wake. Ndiyo maana mimi na yeye tunaona vibaya pale mtu anapotafuta virusi vya wanyama ndani ya mizoga ya wanyama. Maabara ya Vector ya Urusi ilitangaza mradi wa namna hiyo mwaka 2021. Kirusi cha amiba kinaweza kutufundisha karibu yote tunayotaka kujua juu ya kudumu kwa virusi. Cha farasi au cha mamothi kinaongeza elimu kidogo na hatari nyingi.

Msinielewe kwamba nasema hakuna la kuogopa. Kiangazi cha mwaka 2016, katika rasi ya Yamal, kaskazini mwa Siberia, joto lilifika nyuzi 35. Kimeta kilizuka kati ya mifugo ya Wanenetsi, watu wanaohama na reini wao, yaani kulungu wa kufugwa wa nchi za baridi. Reini zaidi ya 2,000 walikufa. Watu kadhaa walilazwa, na mtoto wa miaka 12 akafariki. Kimeta hakikuwa kimeonekana huko tangu mwaka 1941. Spora zake ni kama mbegu zenye ganda gumu; huweza kukaa ardhini miongo na miongo, na udongo ulipoyeyuka kwa kina kisicho cha kawaida zikapanda juu. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika katika masimulizi: chanjo ya reini katika eneo lile ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007, kwa kuwa ugonjwa ulidhaniwa umekwisha. Aliyelala aliamshwa na joto, sawa. Mlango aliachiwa na watu.

Na kuna habari ya Brevig Mission, kijiji kidogo cha Alaska. Mwezi Novemba 1918 homa kali ya mafua iliingia kijijini, na katika siku 5 ikaua watu wazima 72 kati ya 80 hivi. Walizikwa katika kaburi moja ndani ya ardhi iliyoganda. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Sweden, Johan Hultin, aliomba ruhusa kwa wazee wa kijiji, akachukua vipande vya mapafu, akajaribu kukiotesha kirusi kwenye mayai ya kuku. Hakikuota. Alingoja miaka 46. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 72, alirudi, akaomba tena ruhusa, akachimba tena, akakuta mwili wa mwanamke ambaye mapafu yake yalikuwa yamehifadhika, na akayapeleka kwa Jeffery Taubenberger, mtaalamu aliyekuwa akisoma vinasaba vya homa ile. Kabla ya kuondoka alitengeneza misalaba miwili mipya ya mbao akaisimika juu ya kaburi.

Kirusi kile kilikuwa kimekufa. Miaka 33 tu ndani ya barafu, ile ya kutoka 1918 hadi jaribio la 1951, haikukiacha na nguvu hata ya kuambukiza yai. Kilichobaki ni vipande vya maandishi yake. Watu walivisoma, wakaviunga, na mwaka 2005 katika maabara yenye ulinzi mkali huko Marekani wakakiunda kirusi kizima upya. Kilitusaidia kuelewa kwa nini homa ile iliua vijana wenye nguvu. Lakini mnaona ugomvi wangu juu ya neno unafika wapi. Barafu haikukifufua kitu. Kirusi cha hatari kuliko vyote katika simulizi hizi kilirudi kwa mkono wa binadamu aliyekuwa macho, aliyekaa mezani na kuamua. Kwa hiyo tukitaka sheria na uangalizi, mahali pa kuanzia ni mezani pale.

Kisha kuna kuamka ambako hakuna aliyekuomba, na hakuna maabara inayoweza kukufunga. Katika ardhi iliyoganda kumelala takriban tani bilioni 1,500 za kaboni: mizizi, majani, mizoga, vinyesi, mabaki ya nyika nzima za zamani. Hiyo ni karibu mara mbili ya kaboni iliyoko hewani leo. Haijaoza kwa sababu waozeshaji wenyewe wamelala pamoja nayo. Nao wakiamka, watakula, na wakila watatoa kaboni dayoksaidi na methani. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Karibu na Fairbanks, Alaska, kuna handaki lililochimbwa miaka ya 1960 ndani ya ardhi iliyoganda, na mifupa ya nyati wa kale imejitokeza kutani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walitoa humo vijidudu wenye umri wa hadi miaka 40,000, wakawaweka kwenye joto la nyuzi 4 na nyuzi 12, mfano wa kiangazi cha huko, wakafuatilia. Taarifa yao ya mwaka 2025 inasema kwamba mwezi wa kwanza karibu hakuna kilichotokea. Seli mpya zilizaliwa kwa uchache wa kushangaza. Baada ya miezi sita jumuiya nzima ilikuwa imebadilika, baadhi yao wakiwa wamesuka utando unaoonekana kwa macho. Funzo la jaribio hilo mimi naliona kwenye urefu wa msimu. Siku moja ya joto haiwaamshi. Kiangazi kirefu kinachoingia mpaka vuli kinawaamsha, na viangazi vya huko vinarefuka.

Hao ndio ninaowaogopa kweli. Hawamgusi mtu. Hawatamletea yeyote homa wala jipu. Watakula tu, kama walivyoumbwa, na hewa watakayoitoa itaongeza joto, na joto litawaamsha ndugu zao wa tabaka la chini. Ukitaja virusi vya miaka 48,500 ukumbi mzima unashtuka; ukitaja bakteria wanaokula mizizi watu wanatazama saa. Nimekuja hapa nikiwa na hamu moja, kwamba mstuko wenu uhame, hata kidogo, kutoka kule kwenda huku.

Nini basi kifanyike? Nitasema ninachokiamini. Wanyama wa wafugaji wa kaskazini wachanjwe bila kukoma, hata miaka 70 ipite bila mgonjwa, na makaburi ya mizoga ya kimeta yachorwe kwenye ramani kabla hayajayeyuka. Wakaao juu ya ardhi hiyo waombwe ruhusa kama Hultin alivyoomba, na waambiwe wa kwanza kilichopatikana. Anayetafuta virusi atumie mtego wa amiba na aishie hapo. Wachimbaji wa minyoo, mosi na mbegu waongezewe nguvu na waharakishwe, kwa kuwa ujuzi wa kukausha na kugandisha seli bila kuziua una kazi hospitalini na kwenye hazina za mbegu, na walimu wetu wa ujuzi huo wanaanguka mtoni kila kiangazi. Na moshi upunguzwe. Hakuna namna ya kuzungumza juu ya ardhi iliyoganda kwa uaminifu bila kulitaja hilo, kwa sababu njia pekee ya kuwaacha tani kwa tani ya bakteria walale ni kuacha kuwapashia joto.

David Gilichinsky alitumia maisha yake kutafuta uhai ndani ya ardhi hiyo. Alifariki Februari 2012, siku chache kabla taarifa ya ua la Kolyma haijachapishwa. Lakini ua lenyewe lilikuwa limekwisha kuchanua mbele ya wenzake, na mbegu zake, za kwanza kuzaliwa na mmea ule tangu siku kindi alipofunga ghala, zilikuwa zimekwisha kukusanywa na kupandwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nawakaribisha kwa maswali, na nitafurahi tukianza na wanafunzi.